Shali ya Nyumba ya Coyoy

Clorinda Barría alikuwa na mke mwenza ambaye hakuwahi kumwona. Alimjua kwa mkono tu.

Alijua kwamba mwanamke huyo hana papara, kwamba akivuta uzi wa mshindio anakaza zaidi upande wa kulia, na kwamba anaishi mahali penye jua, kwa sababu rangi ile nyekundu ya uzi wake isingekauka vile mahali penye mvua. Na Chonchi, kisiwani Chiloé, kunanyesha. Kunanyesha watu wakiamka, kunanyesha wakila viazi vyao, kunanyesha wakizikana, na siku isiponyesha watu hutoka nje wakaulizana kuna nini.

Mambo yote hayo Clorinda aliyasoma kwenye shali moja nyekundu ya pamba ambayo mumewe, Eleuterio Cárcamo, alirudi nayo kutoka Guatemala alipomaliza Zamu yake.

Mhispania alipofungasha virago, nchi zake zote, kuanzia California mpaka kusini kabisa ambako hata ndege wa baharini wanajikunyata, zilikataa kutengana. Mabwana wakakutana Panama, wakabishana miaka miwili, wakatoka na nchi moja, bendera moja na sheria nyingi mno. Wajuzi walisema haitafika mbali. Sasa ulikuwa mwaka wa sitini wa Muungano na bado upo, unakoroma na kulalamika mgongo, lakini upo. Watu wa Chiloé, waliokuwa wa mwisho kuteremsha bendera ya mfalme na wa mwisho kuingia, walisema kinachoushikilia ni Zamu tu. Kila mwanamume mwenye ufundi hupigiwa kura mara moja maishani mwake. Kura ikimwangukia hupelekwa mkoa wa mbali kufanya kazi miaka miwili, akila na kulala katika nyumba ya watu wa huko. Mabwana wa Panama walidhani mtu aliyekula chakula chako hawezi kukupiga risasi, na huenda hawakukosea. Ila hawakuwauliza wake za watu.

Eleuterio alikuwa seremala, na zaidi ya useremala alikuwa mfunga kamba. Kule Chiloé nyumba huhama. Mtu akigombana na jirani, au bahari ikianza kumlia ua, habomoi akajenga upya. Huiinua nyumba nzima na mlango wake na jiko lake, akaiweka juu ya magogo, akaita watu na maksai wao wakaivuta mpaka mahali papya, kisha akawalisha mpaka washindwe kusimama. Siku hiyo huitwa minga. Na kazi ya kufunga kamba siku ya minga hapewi mtu hivi hivi, maana kamba ikifyatuka inaondoka na mguu wa mtu. Alipewa Eleuterio. Fundo lake lilijulikana kote: mizunguko miwili, kisha mkia unarudishwa nyuma na kufichwa chini ya tumbo la fundo. Walipooana, nyumba yao wenyewe ilivutwa kwa mafundo hayo kutoka ufukweni mpaka juu mlimani, maksai kumi na sita wakitoa moshi puani, na Clorinda amekaa dirishani na shela lake la harusi, anacheka mpaka anashika mbavu.

Miaka sita baadaye kura ikamwangukia Eleuterio. Quetzaltenango, mkoa wa Guatemala. Clorinda hakuwahi kulimaliza jina hilo kwa pumzi moja, akaacha kujaribu.

Siku aliporudi nyumba ilijaa watu. Zoila Vera, jirani na shoga yake Clorinda, alikuwa amekaa karibu na moto kuliko mwenye nyumba, kama kawaida yake. Watu wakanywa pombe ya tofaa, wakala mikate ya viazi, wakamtazama Eleuterio jinsi jua lilivyomchoma. Naye akafungua mzigo wake, akatoa kitu kilichokunjwa vizuri kupita kiasi.

"Haya, yako," alimwambia mkewe. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Clorinda akaipokea. Mwanamke anayepiga magoti mbele ya kitanda cha kufumia tangu ana miaka saba haoni kitambaa kama watu wengine wanavyoona. Kabla hajaona uzuri, aliona kazi. Yeye alijua sufu peke yake. Hii ilikuwa pamba, baridi na laini, unaigusa unadhani umegusa ngozi ya mtu. Nyuzi zilikuwa zimefungwafungwa kabla ya kutiwa rangi, ili zikifumwa zitoe picha, na picha zenyewe zilikuwa vijidude vyeusi vyenye miguu, safu kwa safu, kingo zake zikitetemeka kidogo. Ncha moja ilikuwa na vishada vilivyosokotwa kwa ustadi. Ncha ya pili ilipindwa na kushonwa. Katikati kabisa palikuwa na doa jeupe, dogo kama ukucha wa kidole gumba, mahali ambapo rangi haikushika. Clorinda aliliona doa lile mara moja na moyo wake ukapata pa kukaa. Angalau alikosea hapa, alisema moyoni, kabla hata hajajua anamsema nani.

"Nani kafuma?" aliuliza.

"Ni ya huko nilikofikia. Nyumba ya Coyoy."

"Nauliza mkono. Mkono wa nani?"

Eleuterio akafungua mdomo kujibu, na hapo Zoila akainama juu ya shali.

"Yesu na Maria! Shoga, umeletewa chawa! Tazama walivyopanga mstari!"

Nyumba ikaangua kicheko. Clorinda naye alicheka, na kwa sababu roho ilikuwa inamuuma akacheka kuliko wote. "Kweli chawa! Tena wameshiba!" Eleuterio alicheka wa mwisho na kidogo.

"Lakini mfumaji ana subira jamani," Zoila akaendelea, akijifuta machozi. "Si kama Mama Anselmo."

Kicheko kikaanza upya. Mama Anselmo alikuwa mwanamume mwenye ndevu na watoto sita. Miaka ishirini na moja iliyopita mkewe alikuwa kitandani amejifungua na blanketi la watu halijaisha, basi Anselmo akachukua kijiti cha kusokotea uzi akamsaidia. Jirani akachungulia. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Anselmo tupu, na siku moja padri mwenyewe aliteleza ulimi madhabahuni. Kwa watu wa Chonchi mwanamume anaweza kulia, kulewa, hata kumwogopa mama mkwe, lakini asiguse uzi.

"Haya, hujanijibu," Clorinda alisema kicheko kilipotulia. "Mkono wa nani?"

Eleuterio akatazama watu, akatazama moto.

"Sijui," alisema. "Niliikuta pale nyumbani."

Neno hilo "sijui" ndilo lililolala na Clorinda usiku huo na miezi mitano iliyofuata. Alimjua mumewe. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini hakuwa mwongo, na mtu asiye na mazoea ya uongo akidanganya unamwona jinsi anavyohangaika. Mwanamume hafichi jina la mwanamke asiye na maana kwake.

Basi akaanza kumchunguza. Eleuterio aliondoka akila mkate wa viazi kama watu, akarudi anakunjia maharage ndani yake kwanza ndipo anauma. Aliondoka hajui kahawa, akarudi anaitaka asubuhi. Alikuwa na wimbo, si wimbo hasa, mguno fulani wa mapigo mawili mawili, na miguu yake ilikuwa inaufuata chini ya meza, wa kulia, wa kushoto. Kila kitu kipya kilikuwa na mwalimu wake, na mwalimu huyo Clorinda alimwona waziwazi: ana msuko mmoja mrefu, ana miaka chini ya thelathini, miguu mitupu, na amekaa kwenye jua lake anacheka. Akampa jina la Bi Coyoy. Akimkuta Eleuterio anapapasa ukingo wa blanketi na vidole viwili, akitazama mbali, anamwona Bi Coyoy amesimama nyuma yake.

"Kwenye hiyo nyumba kulikuwa na nani na nani?" alimuuliza siku moja, akijifanya anamenya viazi.

"Watu."

"Wanawake?"

"Clorinda, nyumba gani haina wanawake?"

Kiazi kile kilimenywa mpaka kikaisha.

Kibaya zaidi ni kwamba Eleuterio alianza kumtazama akifuma. Kule vitanda vya kufumia hulazwa chini, na mfumaji hupiga magoti juu ya sakafu kuanzia asubuhi, akiinuka kwa kushika ukuta. Clorinda alikuwa na miaka thelathini na mbili na magoti ya bibi yake. Zamani mumewe alikuwa akipita bila kuona, na hilo halikumkera. Nani humtazama mkewe akifanya kazi? Sasa alisimama mlangoni.

"Magoti yanakuuma?"

"Yameuma miaka kumi. Leo ndiyo umesikia?"

"Kule nyumba ya Coyoy hawapigi magoti."

Clorinda akaacha uzi. "Akina nani hawapigi magoti?"

"Wafumaji."

"Wanafumaje? Wamelala?"

"Wamekaa."

"Wamekaa! Wamekaa kama malkia, na wewe umesimama hapo mlangoni unatupima kwa mizani. Yule amekaa, huyu kapiga magoti. Yule pamba, huyu sufu. Nenda, Eleuterio. Nenda kachonge mbao zako kabla sijasema neno."

Akaenda. Aliufunga mlango wa karakana yake, kitu ambacho hakuwahi kufanya tangu waoane, na nyundo ikaanza kugonga.

Zoila ndiye aliyemfungua macho kuhusu karakana. Alipita nyuma siku moja akachungulia kwenye ufa, maana ufa haukuwahi kumpita Zoila.

"Shoga, sitaki kusema."

"Sema."

"Anajenga kiunzi. Miti minne mikubwa na mbao za kuunganisha. Unajua kile ni nini? Sanduku. Fundi akihama anahama na vyombo vyake."

"Anahama kwenda wapi?"

"Ah, wewe! Kwani kaka yangu alikwendaje?"

Kaka yake Zoila alikwenda Zamu California. Sheria inasema mtu akimaliza Zamu anayo ruhusa ya kujiandikisha kuwa mkazi wa mkoa aliopelekwa, anasaini mbele ya ofisa wa Muungano, basi, amekuwa mtu wa huko. Kaka yake Zoila akasaini. Mkewe alipata barua ya mistari minne na suruali yake moja ya kazi, na mpaka leo anaishi kama mjane ambaye mumewe ni mzima wa afya.

"Na barua je?" Zoila akauliza. "Bado anaandika?"

 Eleuterio alikuwa akiandika kila meli. Aliandika ameweka mkono wa kushoto kama ukuta, na juu ya bahasha palisomeka Nyumba ya Coyoy, kisha lile jina refu la mji. Majibu yalikuja. Aliyasoma karakanani.

Kila siku, Eleuterio akiwa hayupo, Clorinda aliitoa shali sandukuni. Hakuwahi kuivaa. Aliitandaza mapajani akaitafuta ile kazi ilivyofanywa, wapi nyuzi zilifungwa, vipi vile vijidude vilisimama kwa miguu yao bila kuanguka, na hakupata. Hapo ndipo wivu wake ulipokuwa mchungu, na nisingemtendea haki nisiposema. Angeweza kumsamehe mwanamke mzuri. Wazuri ni wengi na uzuri unapita. Huyu alikuwa anafuma kumshinda. Yeye, Clorinda Barría, ambaye mablanketi yake yalikuwa yanaulizwa mpaka mjini Castro, alikuwa ameshindwa kwenye kitu pekee alichojua, ameshindwa na mtu aliyekaa kwenye kiti. Akifika hapo alikuwa anaweka kidole juu ya lile doa jeupe na kukibonyeza, mpaka roho itulie.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, Eleuterio alivaa shati safi.

"Nashuka bandarini," alisema. "Ofisa wa Muungano anakuja na meli ya leo."

Clorinda alikuwa anakoroga uji wa ngano. Aliendelea kukoroga. "Unamtakia nini?"

"Kuna kitu nasaini."

"Kitu gani?"

"Nikirudi nitakwambia. Kuna jambo nimelificha muda mrefu, Clorinda, na nimechoka nalo. Nikirudi tukae."

"Niambie sasa."

"Sasa hapana. Nikishasaini."

Akamtazama kwa huruma fulani, au hivyo ndivyo Clorinda alivyoona, akavaa kofia yake akatoka mvuani. Clorinda alisimama mlangoni akamwangalia akiteremka kilima mpaka akawa mdogo. Kwa hiyo ni leo. Angerudi na mistari yake minne, ila yeye angeisema kwa mdomo, kwa sababu ni mtu mwungwana.  Akaenda kwenye sanduku akaitoa shali.

Angeweza kuitupa motoni. Lakini mwanamke wa Chiloé hachomi uzi, hata uzi wa adui, mikono inakataa. Na kulikuwa na jambo jingine: kama ni kuondokewa na mume, basi abaki angalau na siri. Angeifumua uzi kwa uzi mpaka ajue yule mwanamke alifanyaje. Akavuta kigoda, akashika mkasi mdogo, akaanzia kwenye ncha ya vishada, kule kazi ilikoishia.

Alikata vishada. Akapata kichwa cha uzi, akavuta, na shali ikaanza kutoka.

Mwanzo ilimuuma. Kule mwishoni Bi Coyoy alikuwa amefika kwenye kilele chake. Mistari imekazwa sawasawa, kingo zimenyooka, na vijidude vyake vya mwisho vilikuwa vizuri kiasi kwamba Clorinda alitaka kutukana, akatukana. Lakini vilitoka. Alizungusha uzi kwenye bonge, mkono baada ya mkono, na kila safu ya chawa ikageuka kuwa madoa meusi kwenye uzi, yasiyo na kichwa wala miguu. Akayaona sasa. Kumbe alifunga hapa, akaacha hapa, akafunga tena. Kumbe ni hivyo tu. Alicheka peke yake jikoni.

Alipofika katikati alilikuta doa lake jeupe. Hilo alilifumua kwa furaha kuliko yote, na likaingia ndani ya bonge likapotea.

Baada ya hapo kazi ikaanza kubadilika. Mistari ilikuwa imelegea hapa, imekazwa kupita kiasi pale. Ukingo wa kulia ukaingia ndani, ukatoka, ukaingia tena. "Ahaa," Clorinda alisema kwa sauti. "Kumbe na wewe uliwahi kuwa mjinga." Alivuta kwa kasi. Kadiri alivyorudi nyuma ndivyo mkono ulivyozidi kuwa mbovu. Miguu ya vijidude ilichanganyika na miguu ya wenzao. Palikuwa na mahali nyuzi tatu zimerukwa, na mahali palipofumuliwa na kufumwa upya mara mbili au tatu, mpaka pamba imeota manyoya.

Furaha ikaanza kumpungukia. Kitu hakikukaa sawa. Mtoto wa kike hujifunza kwenye utepe, akiwa mdogo, na utepe huo mama yake huutupa. Hakuna mfumaji anayejifunzia kazi kwenye shali nzima. Na mkono huu haukuwa wa mtoto. Ulikuwa una nguvu nyingi mno. Ulivuta uzi wa pamba kama mtu anavyovuta kamba.

Alifika kwenye pindo. Palibaki kipande cha upana wa kiganja. Akakata mishono ya pindo, akaikunjua ile ncha iliyofichwa, mahali ambapo mfumaji hufunga nyuzi za mtande, zile ndefu, kabla hajafuma hata mstari mmoja. Palikuwa na mafundo ishirini na kitu, madogo, mazito, mafundo ya kijinga kabisa kwa pamba.

Mizunguko miwili. Mkia umerudishwa nyuma, umefichwa chini ya tumbo la fundo.

Clorinda aliweka mkasi chini. Nje mvua ilikuwa inanyesha kwenye paa la mbao, na sufuria ya uji ilikuwa imeanza kushika chini. Aligusa fundo la kwanza, la pili, la tatu, akayapitia yote mpaka la mwisho, labda mojawapo lingekuwa la mtu mwingine. Hakuna. Ndipo aibu ilipompanda kuanzia miguuni. Na nyuma ya aibu, Mungu amsamehe, wivu wake ulikuwa bado upo, umegeuka tu mahali pa kutazama. Kulikuwa na mwanamke aliyefumiwa shali miaka miwili na mwanamume asiyejua kufuma, akikosea, akifumua, akianza tena, mahali ambapo hakuna mtu wake hata mmoja. Mwanamke huyo asubuhi ya leo alikuwa na shali sandukuni mwake. Clorinda alimwonea kijicho mpaka machozi yakamtoka.

Akainuka, akajaribu kufikiri. Ayafiche mabonge. Aseme panya. Alikuwa bado amesimama katikati ya jiko na bonge mkononi aliposikia viatu vya mumewe vikikung'utwa tope mlangoni.

Eleuterio aliingia amelowa mpaka mifupani na anatabasamu. Kwapani alikuwa na kitu kirefu, chembamba, kimefungwa kwa turubai.

"Kimefika!" alisema kabla hajavua kofia. "Kimezunguka Panama, kimezunguka Guayaquil, nimesaini karatasi tatu, lakini kimefika. Kaa, Clorinda. Kaa hapo. Mzee Coyoy ndiye kakituma. Ana miaka sabini na nne, ananiita ng'ombe, ndiye aliyenifundisha. Kule wanaume ndio wanaofuma, wanakaa kitini, wanakanyaga kwa miguu, kulia, kushoto. Nikamwambia, mke wangu magoti yake yamekwisha. Akasema basi jifunze, kitanda cha kufumia cha namna hii utamjengea mwenyewe. Kiunzi kiko tayari karakanani tangu mwezi uliopita. Kilichobaki ni chanuo hiki cha kupitishia nyuzi, hakuna anayejua kukitengeneza huku." Alikuwa anafungua turubai kwa vidole vilivyokufa ganzi. "Nilipaswa kukwambia siku ile ile. Lakini Zoila alikuwepo, na wakamtaja Anselmo, na mimi..."

Akainua macho.

Mezani palikuwa na mabonge manne ya uzi mwekundu na kipande cha kitambaa cha upana wa kiganja. Eleuterio aliweka chanuo chini taratibu. Akakichukua kile kipande, akakigeuza.

"Umeanzia mwisho," alisema.

"Nimefika mwanzo. Nimeliona fundo."

"Mwanzo ndio mbaya. Nilitaka kuukata, mzee akakataa."

"Nilidhani kuna mwanamke," Clorinda alisema. "Nilidhani leo unasaini kuhama. Nilidhani yule mwanamke ananishinda kufuma. Piga, Eleuterio. Sema kitu."

Hakupiga wala hakufoka, na ingekuwa nafuu angefoka. Alivuta kigoda akakaa, maji yakimchuruzika kwenye sakafu.

"Wale hawakuwa chawa," alisema.

"Walikuwa nini?"

"Maksai. Kumi na sita kila safu. Siku ya minga yetu." Akasugua uso wake kwa kiganja. "Miguu ilinishinda, najua. Lakini nyumba ilitoka vizuri, pale katikati. Ile sehemu nilifuma mara tano."

Clorinda hakukumbuka nyumba yoyote. Aliona mistari myeusi tu, na kidole chake juu yake, kila siku, miezi mitano.

"Pale katikati palikuwa na doa," alisema polepole. "Doa jeupe. Rangi haikushika."

"Nililifunga mwenyewe lisishike rangi," Eleuterio alisema. "Lile ni dirisha. Ni wewe, na shela lako."

Clorinda alitazama mabonge yote manne, asijue ni lipi. Akachukua lililo karibu, akatafuta kichwa cha uzi, akaanza kulikunjua, mkono baada ya mkono, akitafuta nyeupe.